Tundu la Tano

Jumanne asubuhi Pelaghia alileta mashua yake kwa Averian, fundi wa injini, akalalamika kwamba haitaki kuinua pua. Ukiipa mafuta yote injini inanguruma, nyuma inapanda, mbele inalima maji. Kwa mwendo huo alikuwa akifika kwenye kituo cha barafu saa nne, na kituo hufungwa saa tatu. Wiki nzima alikuwa akirudi nyumbani na kambare wake, na paka wa jirani wamenenepa.

Averian aliingia majini mpaka magotini, akakagua. Injini ya namna ile huegemea ubao wa nyuma wa mashua kwa pini, na kibao cha pini kina matundu matano. Ukiibana karibu, mbele inainama. Ukiisogeza nje, mbele inanyanyuka. Pini ilikuwa tundu la pili, alipoiweka yeye mwenyewe mwezi wa Aprili. Akaihamishia la tatu, wakajaribu mferejini. Wapi. La nne, wapi.

Ndipo alipotazama mbele, akamwona Sidor, mume wa Pelaghia, amekaa omo na kofia yake kichwani, maji yakimchuruzika. Sidor alizama mwezi wa Mei. Averian alimkadiria kilo tisini, mbali na maji.

"Shemeji, mbona hukuniambia una abiria?"

"Wewe ulisema unataka kuona injini," Pelaghia akamjibu.

Kosa lilikuwa la Pelaghia na alilijua. Siku ya arobaini sisi huku hugawa vitu vya marehemu kwa ajili ya roho yake. Pelaghia aligawa koti, buti, kitanda, mpaka birika la chai. Mashua hakuigawa, maana angevua kwa nini, kwa beseni? Basi Sidor akabaki nayo.

Averian alimwomba asogee nyuma kidogo. Sidor alikataa. Alisema siku ile ya kuzama alikaa nyuma, hakuiona boti ya hoteli ikija kasi kwenye kona ya matete, na wimbi lake likampindua. Sasa anakaa pa kuonea.

Averian akaketi. Ofisi ya bandari ilikuwa imebandika karatasi kwenye ubao wa gatini: Sidor alizama kwa sababu injini yake iliegemezwa vibaya na fundi Averian. Tangu hapo watu walimsalimu huku wakitazama viatu vyao, na kazi zikamhama. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuiamini ile karatasi.

"Niambie ukweli, ndugu yangu. Ilikuwa pini yangu?"

"Pini yako ilikuwa sawa," Sidor akasema.

Averian alilia, mtu mzima na ndevu zake mpaka kifuani, wala hakujificha.

Wakaenda ofisi ya bandari wote watatu, ili ile karatasi isahihishwe. Karani alimpa Sidor kiti, akatandika gazeti ili kisiloe, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kitambulisho. Pelaghia akamkumbusha kwamba walikirudisha hapohapo siku ya kuandikisha kifo. Karani akapekua faili, akakipata, kimetobolewa kona. Aliyekitoboa ni yeye.

"Hiki hakifanyi kazi tena," akasema kwa upole. "Bila kitambulisho siwezi kuandika hata neno."

Wakamshukuru. Averian akaihamishia pini tundu la tano, na propela ilipoanza kuvuta hewa kwenye kona, akaweka gunia la mchanga nyuma, chini ya kiti cha Pelaghia. Mashua ikanyanyuka na Sidor wake, ikaruka juu ya maji vizuri kabisa. Sasa samaki wanafika saa mbili na nusu.

Boti ya hoteli hupita kona ileile kila siku, kwa kasi ileile. Sidor huinua mkono, Pelaghia hugeuza mashua ikakabili wimbi, na nahodha wa hoteli, akidhani amesalimiwa, naye huinua wake.

Wakipita gatini, Sidor husoma ubao, kwa kuwa yeye ndiye aliye mbele.

"Bado ileile?" Pelaghia huuliza.

"Ileile. Wamebandika mpya, ya zamani ilififia."