Waya wa kwa Mama

Mtandao wa nyumbani kwangu ulikata tena jana, na nilikuwa nimechoka hata kutukana. Nilichomoa waya wa kompyuta nikaurudisha. Nilizima kiboksi cha intaneti nikakiwasha, taa moja ikagoma kuwaka. Nilibadilisha waya mfupi, upuuzi ukawa uleule.

Ukabaki waya mrefu. Unaanzia kwa mama, kule juu ambako ndiko antena inashika mtandao, unashuka ndani ya bomba katikati ya mibuni mpaka kwangu. Nikaufuata kwa miguu kwenye tope, nikiinama kila penye kiungo kutafuta meno ya panya au jembe la mtu. Mzima wote. Nilifika juu magoti yanauma, maneno makali yako mdomoni.

"Marahaba," mama aliniambia kabla sijamsalimu.

"Shikamoo, mama."

Nyuma ya redio yake niliukuta waya umechomolewa, ncha imefungwa vizuri kwa mfuko wa nailoni.

"Asubuhi radi ilikuwa inapiga, Ombeni. Nilichomoa kila kitu."

Hilo sikubishana nalo. Huku kwetu radi ikinguruma hata pasi inachomolewa. Lakini redio ilikuwa inaimba kwaya.

"Redio umeirudisha. Waya wangu je?"

Alikuwa anamimina chai, na vikombe vilikuwa viwili.

"Wiki iliyopita radi haikupiga," alisema. "Hukuja."