Kanda ya Chumba cha Mionzi

Kwa kompyuta, Waya alikuwa anajisikia, na usimwambie kitu. Jina hilo alibandikwa kazini kwa wembamba wake, naye akalivaa kama cheo. Lakini wiki zile alizoshinda kwenye stoo ya hospitali, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, maringo yalimwisha yote. Mvuke unapenya ukutani, shati limemganda mgongoni, na mbele yake kompyuta kuukuu imefunguliwa mbavu. Ndani yake kuna kadi ndefu ya kijani. Kutoka kwenye kadi, kebo pana inakwenda kwenye mashine ya kusomea kanda, na mezani iko kanda yenyewe, nzito kama kipande cha tofali.

Roho ya dada yake ilikuwa mle ndani ya kanda, na si maneno ya kupamba. Dada huyo ndiye kifungua mimba wao, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea Waya, akamwogesha, akamchapa, akamsomesha. Alipokuwa mtoto alipata uvimbe mgongoni, akapigwa mionzi, akapona, akasahau. Sasa uvimbe umerudi palepale. Daktari wa mionzi, mwanamke mkavu asiyejua kupaka maneno asali, aliwaita ofisini akawaambia waziwazi.

"Uti wa mgongo una kiwango chake cha mionzi, cha maisha yote. Nikijua utotoni alipewa kiasi gani, najua kilichobaki, namtibu. Nisipojua, simgusi. Nikizidisha, miguu ndiyo basi tena, na pengine pumzi nayo."

"Na rekodi zake ziko wapi?" akauliza Waya.

"Kwenye kanda. Mashine iliyoiandika ilishauzwa vyuma chakavu."

Kilichosalia ni ile kadi na kile kisomeo. Chuma kitupu, hakina akili. Kilihitaji draiva, yaani programu ndogo ya kukaa kati ya kompyuta na kadi na kuitolea amri: zungusha, simama, soma. Draiva ya zamani ilikwenda na mashine yake, na kitabu cha maelekezo hakikuwepo. Waya akasema ataiandika mwenyewe. Nani mwingine angeiandika?

Basi akawa anaifuata mistari ya kadi kwa kioo cha kukuzia, mmoja mmoja, kidole hapa, penseli kule. Fundi wa vifaa vya hospitali, mzee mcheshi aliyeitwa Risasi kwa sababu ya kuchomelea nyaya kwa risasi maisha yake yote, alikuwa akipita anamchokoza.

"We Waya, hiyo kadi unaitazama hivyo, si uipose kabisa?"

"Nenda wewe ukanisemee kwao, mzee."

Kucheka kulisaidia, maana nyumbani hapakuwa na wa kucheka. Dada alikuwa ameanza kushika kuta akitembea.

Sasa sikiliza kosa lilipoingia, maana ni kosa la mtu msafi, na ndiyo maana linauma. Mwandishi yeyote wa draiva, kabla hajaiambia kadi kitu, kwanza huzima kila swichi yake, asikute uchafu wa aliyetangulia. Anaandika sifuri kila mahali, ndipo anaanza kazi. Ni mazoea kama kunawa mikono. Waya naye alifanya hivyohivyo. Ila aliyeitengeneza kadi ile, huko aliko, alikuwa na yake kichwani: kwenye kadi yake, sifuri ni kuwasha. Swichi ya kuzungusha Waya aliigundua, akaiacha ishtuke kidogo mwanzoni, maana kuzunguka hakudhuru. Ya kusoma akaigundua. Ya kufuta hakuigundua, kwa kuwa draiva ya kusoma tu haina haja nayo. Kwa hiyo kila draiva ilipoanza, kwa kufumba na kufumbua, mpaka amri ya kwanza ilipoingia, kanda ilisogea kidogo na kufutwa pale ilipokuwa imesimama; mwanzo wa kanda tu, usioandikwa kitu, ndio haukudhurika.

Kanda ina kifungo cha kuizuia isifutwe, na Waya alikifunga. Lakini jicho la kisomeo linaloangalia kifungo hicho lilikufa miaka mingi nyuma, na Risasi alikuwa ameunganisha nyaya mbili ili mambo yaende, kisomeo kikawa kinaamini kila kanda inaruhusu kufutwa. Kwani hakuijaribu draiva yake kwanza? Aliijaribu sana! Aliijaribu kwa kanda tupu, kama mtu mwenye akili zake. Lakini kanda tupu ukiifuta inabaki tupu, utajuaje?

Siku ya kanda ya kweli, asubuhi kweupe, aliirudisha mwanzo, akapiga moyo konde, akaamuru isome. Ikasoma! Majina yakaanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, wagonjwa wa zamani mmoja baada ya mwingine, umri, kiungo, tarehe, kiasi cha mionzi. Risasi akapiga makofi. Waya hakuthubutu hata kupepesa. Na mara, huyo hapo: jina la dada yake, la ubini kabisa, na chini yake siku ya kwanza ya tiba, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita.

"Ni yeye!" Waya aliruka hadi kiti kikaanguka. "Mzee, ni yeye! Washa printa!"

Akaisimamisha kanda palepale, na kwa kuwa printa haikuwa imeunganishwa, akaiunganisha, akaianzisha draiva upya ili iijue printa. Kanda ikashtuka kidogo. Hakujali. Akairudisha mwanzo, na safari hii karatasi ikaanza kutoka.

Lilipofika jina la dada, printa ilichapa siku sita za tiba. Kisha ikachapa jina la mgonjwa mwingine. Risasi hakuona tatizo. Alichana karatasi, akapandisha nayo ngazi kwa daktari, anaimba njia nzima.

Waya alibaki anakitazama kioo. Pale kati ya siku ya sita na jina la mgonjwa mwingine, draiva ilikuwa imeandika mstari mmoja: hapasomeki, nimeruka. Mwenyewe ndiye aliyeifundisha kuruka pasiposomeka. Akarudisha kanda, akasoma tena, pakawa vilevile. Akaiweka kadi mbele ya kioo cha kukuzia, akaufuata mstari ambao hakuwahi kuufuata mpaka mwisho wake. Ulipofika kwenye kichwa cha kufuta, kile kidude cha kisomeo kinachofuta kanda, akaelewa alichofanya, akakimbilia ngazi. Alitamani kujipiga.

Alipofika juu, ofisi ilikuwa na furaha. Daktari, yule mkavu, alikuwa anatabasamu.

"Siku sita tu. Inaelekea waliacha kumleta. Nafasi ipo kubwa, tunaanza Jumatatu."

Dada, aliyekuwa anasubiri pale tangu asubuhi, alikuwa analia huku anacheka, anajifuta kwa upindo wa kanga. Alipoiona sura ya mdogo wake aliacha kucheka. Akamshika mkono, akamtoa hadi kwenye korido.

"Una nini wewe?"

Akamwambia. Hakuficha kitu. Dada alisikiliza huku ameegemea ukuta.

"Kwa hiyo zilikuwa zaidi ya sita."

"Zilikuwepo nyingine. Ngapi, sijui, dada."

"Na mimi sijui, nilikuwa mtoto. Basi sote hatujui. Mwache daktari ajue."

"Atakuua."

"Nisipotibiwa nitaishi? Nimekulea, mwanangu, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba unyamaze."

 Waya alitaka kunyamaza. Mungu shahidi, alitaka sana. Lakini alimwona Jumatatu amelazwa chini ya mashine, wakimmiminia juu ya kiasi ambacho yeye, Waya, ndiye aliyekifuta, na miguu ile iliyomfuata shuleni kila siku ikifa mmoja kisha wa pili. Akauachia mkono wake, akaingia ofisini, akasema yote.

Daktari aliuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha akalifunga jalada, akavua miwani, akasema taratibu kwamba kilichobaki ni dawa za maumivu.

Waliteremka ngazi kwa shida, dada akimwegemea, maana hakuwa na mwingine wa kumwegemea. Walipofika chini hakumlaumu kwa kusema. Aliuliza jambo jingine kabisa.

"Jina langu lilipotokea, si kanda ilikuwa inakwenda vizuri?"

"Vizuri sana."

"Sasa kwa nini uliisimamisha?"

Waya alishindwa kumtazama.

"Nilifurahi, dada."