Viraka vya Sinema

Fundi alisugua kola ya gauni jipya kwa msasa mpaka rangi ikapauka, kisha akashika mkasi alichane mgongoni. Mkono ukasita. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuziba nguo zilizochanika. Jumamosi hii kaletewa magauni sita ya shule ayachakaze, yavaliwe na watoto katika sinema ya maisha ya mtaa wao.

"Fundi, siku hizi unaharibu nguo?" kinyozi jirani alimtania. "Basi na mimi nitafutie wanaotaka kunyolewa vibaya."

"Hao mbona unao tele."

Akachana. Akatia kiraka kwa ndani, akachomoa nyuzi za pindo la gauni lenyewe na kushonea hizohizo, rangi zishikane. Alijifunza hivyo peke yake: kiraka kizuri hakijulikani.

Adhuhuri alipita mwanamke wa sinema. Aligeuzageuza gauni, akasema kwa upole kwamba kazi ni safi mno, kamera haitaona kitu. Macho yake yakaenda uani, kwenye kamba ya nguo.

"Kama lile pale, mama. Lile ndilo hasa. Umetushonea sisi?"

Lilikuwa gauni la shule la binti yake. Viraka vitatu mgongoni, na kila kimoja alikuwa amekishona akiamini hakuna atakayekiona.

"Ndiyo," alisema Fundi. "La mfano tu."

Alipogeuka, binti yake alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alimwamkia mgeni, akaenda kumimina maji kwenye pipa, taratibu, asimwage hata tone.

Hadi jioni magauni matano yalikuwa tayari, viraka vikionekana toka barabarani. Fundi aliuliza bila kuinua uso, "Mwanangu, viraka vyako huwa vinaonekana?"



"Wakati wa mapumziko huwa naegemea ukuta, mama. Havionekani."

Cherehani ikanyamaza. Binti alipapasa gauni la sita, ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Hili utalichana lini?"

Fundi alitazama mkasi, akausogeza chini ya vitambaa.

"Kesho. Lijaribu kwanza."

Alilivaa, akatoka hadi uani. Akaupita ukuta, akaenda kusimama katikati kabisa, palipo na majirani waliobarizi jioni, akawapa wote mgongo.