Tamasha la Bila Umeme

Bendi yetu iliitwa Radi ya Kiangazi. Tulikuwa wanne, tukipiga muziki wa roki pale Mikumi, mahali ambapo wengi walituona kama watu tuliokosa kazi ya kufanya. Mimi, Costancia, niliimba na ndiye niliyekuwa kiongozi. Abeli alipiga ngoma, Elia besi, na gitaa la solo lilikuwa la Ditram.

Ditram alikuwa ametuzidi umri kwa miaka kumi hivi. Alizaliwa Vidunda, akateremka Ruhembe kukata miwa, na ndiye aliyenifundisha gitaa nikiwa kidato cha pili. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, panga lilimpitia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilipona, lakini vikawa vizito. Kwenye shoo zetu za kawaida hakuna aliyegundua. Spika zilinguruma, ngoma zikafunika kila kitu.

Wazo la kupiga bila umeme lilikuwa langu. Nilitaka tukae kwenye viti, tushike magitaa makavu, watu wasikie maneno, halafu tutoe video watu wanunue wakaangalie majumbani kwao. Ditram alivitazama vidole vyake nilipomwambia.

"Bila spika, Costa, mtu anabaki uchi," alisema. Kisha akacheka. "Haya, tutabaki uchi."

Tulipiga Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja wa kanisa Kilosa. Walikuja watu kama mia mbili. Ditram alikosea, tena si mara moja. Wimbo wa tatu vidole vilimgomea katikati, akainua mkono, akaufuta jasho kwenye suruali, akarudi kwenye nyuzi pale alipoachia. Ukumbi mzima ulikuwa kimya ukimsubiri. Mama mmoja wa mstari wa mbele alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nami niliona hayo yote kwa macho yangu, ndiyo maana sina cha kujitetea.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Morogoro kwa Innocent, kijana aliyeturekodi. Alinisikilizisha kazi kwa hedifoni.

"Dada, sauti yako iko poa sana," alisema. "Ila gitaa la solo ni chafu. Nina jamaa hapa studio, analipiga upya siku moja tu. Picha inabaki ya bro, sauti inakuwa ya jamaa. Hakuna atakayejua."

Nilifikiria kumpigia Ditram. Simu ilikuwa mkononi. Nikawaza jinsi nitakavyoanza, nikaona aibu, nikairudisha kwenye mkoba.

"Fanya," nilimwambia.

Video ilipotoka, Ditram aliomba tuizindulie nyumbani kwake Ruhembe. Jumapili baada ya misa, mkewe Devota alipanga viti na mikeka sebuleni, akapika pilau, akawaita majirani. Mama yake Ditram alikuwa ameteremka kutoka Vidunda kwa ajili ya siku hiyo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinishika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu, kwa kumweka mwenzako kwenye video," alisema.

Deki ikawashwa. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nilikuwa simwangalii Ditram, lakini nilijua kwamba ameacha kutikisa kichwa. Ukafika wa tatu. Pale kwenye skrini akainua mkono, akaufuta kwenye suruali, na gitaa likaendelea kulia, safi, bila kukatika hata kidogo.

Jirani yao Joha akapiga makofi. "Jamani! Gitaa la Ditram linajipiga lenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yake akageuka kumtazama, hakuelewa.

"Ndiyo utaalamu huo," Ditram alisema, naye akicheka. "Mkono ukichoka, gitaa linakusaidia."

Akakaa mpaka mwisho. Akawagawia watu soda. Alinisindikiza hadi barabarani, na hapo ndipo aliponiuliza, "Nani alipiga?"

"Kijana mmoja wa Morogoro."

"Anapiga vizuri," alisema, akarudi ndani.

Hakuja mazoezini tena. Nilipopiga simu Devota alinijibu kwa adabu kwamba mwenzake yuko shamba. Nikarudi Morogoro, nikamwomba Innocent anipe ile sauti ya kwanza, ya ukumbini, niitoe upya kama ilivyokuwa. Akajikuna kichwa.

"Hiyo nilishaifuta, dada. Nilikuwa na harusi ya kurekodi, kadi imejaa."

Mwezi wa sita nilisikia kuwa Ditram amehamia Vidunda moja kwa moja. Nilipanda pikipiki mpaka inapofika, nikamalizia mlima kwa miguu. Nilimkuta akipiga maharage kwa fimbo. Akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Nikamwambia yote, pamoja na ile simu niliyoirudisha kwenye mkoba.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ungeniambia nirudie, ningerudia hata siku kumi," alisema. "Ungeniambia nitoke, ningetoka, maana bendi ni yako. Lakini ulinikalisha mbele ya mama yangu, nikamdanganya."

"Tupige tena, kaka. Kilosa palepale. Safari hii hakuna wa kugusa kitu."

"Hapana, Costa." Hakusema kwa hasira. "Mimi siku ile nilipiga. Sitaki kurudia ili kuthibitisha."

Devota alituandalia ugali na maharage, tukala. Tuliongea habari za mvua na bei ya mbegu. Jua lilipoanza kushuka Ditram alinisindikiza hadi kwenye kona ya njia, akaniambia niwasalimie Abeli na Elia, akageuka.

Bendi bado ipo. Yule kijana wa Morogoro ndiye mpiga solo wetu sasa, na hana kosa lolote. Video nayo inaendelea kuuzwa stendi ya Mikumi, wanaiweka hata kwenye flashi. Mara nyingi mtu hunisimamisha kuniambia kwamba wimbo wa tatu ni hatari, kwamba hajawahi kuona wa kumfananisha na yule mzee wa gitaa. Mimi humjibu asante, nikaendelea na safari yangu.