Kamba ya Mama kwenye Mpini

Mama alianza kunisahau mwaka ule ule Chenge, mwajiri wangu, alipoleta kompyuta Nyakato. Sisemi kwamba moja lilileta jingine. Nasema tu kwamba mwaka huo, 1997, nilikuwa nikitoka nyumbani Igogo kila asubuhi baada ya kuitwa "sista" na mama yangu mzazi, aliyedhani mimi ni nesi wa misheni aliyemletea uji, kisha nakwenda kukaa mbele ya mashine ambayo nayo haikunielewa.

Chenge alikuwa na karakana ya vitu vya plastiki: mabeseni, vikombe, vifuniko. Viwanda vya minofu ya samaki vilipozidi kuota ufukweni mwa ziwa, akaona mbali. Wakata minofu walishika visu vyenye mipini laini, na ute wa sangara hauna urafiki na mtu. Kisu kikiteleza, kinatafuta kidole.

"Adongo, wewe si umesomea kuchora mitambo? Nichoree mpini wenye vinundu, usioteleza. Disketi iende Nairobi wakatuchongee kalibu ya kumiminia plastiki." Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chapati mbili.

Mpini wenyewe niliumaliza kwa siku mbili, umenenepa tumboni na kukonda shingoni. Shida ilikuwa vinundu. Nilivipanga kwanza juu ya karatasi bapa, karatasi ya ndani ya skrini, safu kwa safu, vikalala vizuri mpaka nikajisifu. Kisha nikaiamuru kompyuta iuvalishe mpini karatasi ile. Ilifikiri dakika ishirini nzima, nami nilikaa tu nikisikiliza feni yake, siko macho wala sijalala. Ilipomaliza, vinundu vya tumboni vilikuwa vimevutika hadi vimekuwa bapa, na vya shingoni vimebanana na kumezana. Nikafuta, nikaanza upya. Hivyo hivyo wiki tatu.

Ukitazama kwa muda mrefu kitu cha mviringo kinachozunguka polepole, macho huchoka kukiona kilivyo. Alasiri moja mpini ulizunguka, ukazunguka, ukawa chungu. Mkono wa mama ulikuwa shingoni mwake, unaviringisha kamba.

Kwetu Shirati, kule Mara, mama alikuwa mfinyanzi. Chungu kibichi kilipokauka kidogo, alichukua kipande cha kamba ya nyasi, akakilaza juu ya udongo na kukiviringisha kwa kiganja, kikaacha alama zake. Wageni walidhani ni urembo tu. Urembo ulikuwemo, lakini chungu kilichotoka ziwani kimelowa hakikumponyoka mtu. Nami nilifundishwa kazi hiyo, nikaijua nusu. Kila safu ilipokaribia kurudi pale ilipoanzia, niliogopa kuzikanyaga alama za mwanzo, nikasimama, nikaacha upenyo wa kidole kimoja. Mama alipita kwenye vyungu vinavyokauka, akivipapasa bila kutazama, akicheka. "Hiki cha Adongo. Anaogopa nyayo zake mwenyewe."

Jumamosi nikamletea udongo. Nitasema ukweli: siku hiyo sikuwa natafuta mpini. Nilitaka aniite jina langu, mara moja tu, nibaki nalo.

"Sista," akasema, "kazi hizi zinachafua mikono, utaziweza?"

"Nitajaribu, mama."

Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Akafinyanga kachungu, tukakaacha kakauke kidogo, nikampa kamba. Akaviringisha safu moja, akainua mkono, akaanza nyingine. Hakulivalisha tumbo lote shuka moja. Kila safu ilizunguka peke yake, mahali pake; tumboni alama nyingi, na alipofika shingoni alichukua kamba nyembamba, alama zikawa ndogo na chache.

"Kamba ndiyo inayokifuata chungu," akanieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. Jina langu halikutoka. Niliosha mikono yangu muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumatatu nikaitupa karatasi bapa. Nikachora mstari mmoja kuuzunguka mpini, nikakipitisha kinundu juu yake hatua kwa hatua, kikaacha wenzake nyuma. Kisha mstari wa pili, wa tatu, vinundu vikipungua kadiri mpini ulivyokonda. Vikasimama vyote, hakuna kilichovutika, hakuna kilichomezwa. Nilitaka kulia pale pale kitini. Ila kila safu ilikuwa imeishia kabla ya kukutana na mwanzo wake.

Chenge akagusa kioo kwa kidole chake kichafu. "Hapa umesahau. Ziba."

Kuziba nilikujua, ni kupunguza hatua kidogo tu ili kinundu kimoja zaidi kienee. Mkono ukakataa. "Panaangukia kiganjani, bosi. Ndipo ute utakapopita utoke." Uongo mtupu, niliutunga nikiwa nimemkazia macho.

Mipini ya kwanza iliporudi, jirani yangu Dorcas, mkata minofu, alifungiwa mmoja kwenye kisu chake, akauzamisha kwenye ndoo ya ute, akakata samaki mzima. Haukuteleza. "Na ute unatokea hapa," akasema, akionyesha upenyo wangu. Tangu hapo Chenge anasimulia kwamba upenyo ule ni wazo lake.

Mpini mmoja usio na kisu nikaupeleka nyumbani. Mama alikuwa kibarazani, jua la saa kumi limemfikia miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista."

Nikamwekea mkononi. Hakuutazama. Kidole gumba kilianza shingoni, kikazunguka safu ya kwanza, kikafika penye upenyo, kikasimama. Kikarudi kuanza safu ya pili, kikasimama tena. Akacheka, kicheko kile kile cha vyungu vinavyokauka.

"Hiki cha Adongo."

"Ndiyo, mama."

"Bado anaogopa nyayo zake!" Akanigeukia, uso wote unang'aa. "Unamfahamu Adongo, sista? Ni binti yangu."

"Namfahamu."

"Basi ukimwona, mwambie aje. Mwambie nimekishika."

"Nitamwambia."

Nikanyoosha mkono niupokee mpini. Akauvuta haraka na kuuficha ndani ya kanga yake.

"Hapana, sista. Hiki namtunzia mwenyewe."