Diski Iliyogoma Kufutwa

Kompyuta ilianza kukoroma binti alipofika kwenye somo la mapafu, na kwa siku chache za mwanzo mama yake alidhani ni sehemu ya somo.

Yeye alikuwa upande wa pili wa pazia, anapiga pasi. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia ndilo lililokifanya viwili. Upande wa dirishani binti alisoma kitabu cha sayansi kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, akijirekodi kwenye kompyuta yake kuukuu. Shule moja ya wanafunzi wasioona ndiyo iliyompa kazi hiyo. Kitabu walikuwa nacho, lakini kilikuwa cha kusomwa kwa macho, na wao walihitaji cha kusikilizwa. Basi mama, aliyeishia darasa la saba, akawa mwanafunzi wa bure nyuma ya pazia. Siku moja alimwambia jirani, "Kumbe moyo una vyumba vinne. Umetuzidi vitatu."

Kukoroma kukazidi. Mwanzoni kulikuwa kama paka aliyeshiba, baadaye kama mtu anayeburuta kiti.

"Ni diski, mama," binti alisema. "Imezeeka. Ndani mna kisahani kinazunguka, na humo ndimo sauti yangu yote inapokaa."

"Kama imezeeka, iache ikorome. Marehemu baba yako alianza akiwa bado kijana."

"Nikimaliza kitabu nitaipeleka kwa fundi."

Kitabu alikimaliza, ila koo nalo likammaliza. Sauti ilikwaruza, ikapasuka, mwisho ikatoka kama upepo chini ya mlango. Daktari alikuta kinyama kwenye koo, akakitoa, akasema neno moja ambalo mama alilishika kama amri ya Mungu: binti asiseme, wala asinong'one, mpaka atakapoambiwa. Na huko shuleni mtihani ulikuwa unakaribia. Kitabu kizima kilikuwa kimesomwa, kimo ndani ya ile kompyuta, kinangoja kupangwa na kupelekwa. Kikipotea, hapakuwa na sauti ya kukisoma tena.

Mama alikuwa mfanya usafi wa zahanati. Siku yake ya mapumziko, binti akiwa amelala kwa nguvu ya dawa, alijiambia kwamba mtoto akiamka na kukuta kompyuta imetengenezwa, atapona upesi. Akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo kwa fundi wa barabara ya pili. Watu walimwita Fundi Miwani, kwa sababu miwani yake siku zote ilikuwa kwenye nywele na si machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa wa kifua."

Fundi aliiwasha, akaitegea sikio, akatikisa kichwa. Akaizima, akaifungua. Vumbi lililotoka humo lilikuwa limeshikana kama pamba ya godoro, na mama akaona aibu kana kwamba ni uvunguni mwa kitanda chake.

"Diski imechoka hii. Nakuwekea mpya, ya kisasa, haina kinachozunguka. Hutasikia hata pumzi."

"Iwekee."

"Na hii ya zamani, nifute?"

Swali hilo lilimpendeza. Mafundi wangapi huuliza? Wengi hukurudishia kitu chako na alama za vidole vyao.

"Futa, mwanangu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mpaka kwenye kona. Kona ndizo humuaibisha mtu."

"Ili kisirudi kabisa?"

"Kikirudi si utakuwa hujafuta?"

Fundi akacheka. "Mama, una msimamo. Wengine nikiwauliza hivyo hulia hapa."

"Hao hawajaizoea kazi," alisema mama, akaenda zake akiwa na furaha.

Alimkuta binti ameamka, ameketi kitandani, anatazama meza tupu. Mama akamweleza yote, na hakuacha sifa za fundi. "Kijana msafi yule. Kabla sijasema lolote ameniuliza kama aifute ile diski ya zamani. Nikamwambia futa kila kitu, usiache hata chembe."

Binti alisimama. Uso ulimbadilika, kinywa kikafunguka, na kile kilichokuwa kinapanda kooni kilikuwa kilio kikubwa. Mama aliruka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme. Daktari kasemaje? Usiseme, mwanangu."

Wakabaki hivyo, mmoja ameziba, mwingine machozi yanapita juu ya vidole vya mama yake. Kisha binti akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya kalenda kwa herufi kubwa: KUFUTA KWA FUNDI SI KWA KITAMBAA. NI KUONDOA SAUTI YANGU YOTE.

Mama alisoma polepole, na alipofika mwisho hakurudia. Alitoka na ndala za kuogea, kanga moja kiunoni, nyingine mkononi, akifunga huku anakwenda. Miaka yote ya kazi ya usafi alikuwa amelishika neno hilo, kufuta, kwa mikono miwili. Amefuta meza, vioo, damu, matapishi ya watoto, machozi ya wafiwa. Hakuna kitu alichofuta kikawa kibaya zaidi kuliko alivyokikuta. Njiani aliomba, na sala yenyewe haikuwa na mapambo. "Bwana, mshike mkono yule kijana. Mshike tu mkono."

Fundi alikuwa ameinama mezani, na kabla mama hajafika mlangoni aliisikia: grrr, kimya, grrr, kimya.

"Mama, diski yako kaidi," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Tangu uondoke nahangaika nayo. Imefuta kidogo pale mwanzoni, ikagoma. Inakoroma tu, haifutiki."

Mama alishika mwimo wa mlango. Akaketi kwenye ndoo iliyokuwa imefunikwa.

"Acha," alisema. "Acha hapo hapo, mwanangu. Mimi nilidhani unasema vumbi."

Fundi alimtazama, akaishusha miwani machoni kwa mara ya kwanza. Akachomoa waya. Hakucheka, na kwa hilo mama alimwombea dua baadaye kwa siku nyingi.

"Mna nini humu?"

"Sauti ya mwanangu. Kasoma kitabu kizima, watoto wasioona wanakingoja wafanye mtihani. Na sasa hasemi."

Fundi akavuta kiti. "Sikiliza, mama. Kilichoondoka ni kile cha mwanzo, yale majina. Ni kama nyumba ya wageni iliyong'olewa vibao milangoni. Wageni wengi bado wamo, ila hatujui nani yuko chumba kipi. Nitajaribu kuwatoa mmoja mmoja. Lakini ikipata moto inasimama, na ikisimama sana ndiyo basi tena."

"Inataka kupepewa?"

"Feni yangu imekufa."

Mama alikwishaokota kipande cha boksi. Akasogeza ndoo mezani, akaanza kuipepea ile diski, taratibu, kama anavyopepewa mtoto mwenye homa. Ilipokoroma kwa mpigo mmoja, fundi alisema "inatoa." Iliponyamaza, mama alizidisha kupepea. Mama akabadilisha mkono, akaendelea. Wateja waliingia na kutoka.

"Mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza mwuza maandazi, akichungulia.

"Anahema. Usimzibie hewa, wewe na sinia lako," alijibu mama.

"Nyie mafundi mmeanza kulaza wagonjwa?"

"Na muuguzi tunaye," alisema fundi. "Anatuzidi sote."

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili diski ilipotoa mkwaruzo mmoja mrefu, ikanyamaza, wala haikuamka tena. Fundi akaigusa kwa kidole. "Imekufa, mama. Lakini karibu vyote vimetoka, vimo kwenye diski mpya."

Mama aliweka kiganja juu ya kile chuma, bado kina joto. "Ahsante, mzee," aliiambia. "Ungekuwa mtiifu leo ungetuua."

Jioni ile na siku iliyofuata, mama na binti walikaa na kompyuta upande mmoja wa pazia. Vipande vya sauti vilikuwa tele, havina majina, vimechanganyika kama mbaazi na mchele. Binti alibonyeza, sauti yake ya zamani ikajaa chumbani, nzima, haina mkwaruzo, naye akafunua kitabu kutafuta ukurasa.

"Hiyo ni figo," mama alisema. "Inakuja baada ya jasho. Siku hiyo pasi iliniunguza." Kipande kingine: "Hapo ni chembe za damu, mwishoni mwake. Ulipiga chafya, ukarudia." Binti akageuza kurasa, akakuta ndivyo, akamtazama mama yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisichotoka. Aliandika: ULIKUWA UNASIKILIZA YOTE?

"Sasa ningefanya nini, mwanangu, na pazia halina mlango?"

Kitabu kikasimama tena, sura kwa sura. Ukurasa mmoja tu haukupatikana, ule wa sikio. Walirudia vipande vyote, haukuwepo. Binti alikaa akiutazama ukurasa huo kwenye karatasi. Kisha akakisukuma kitabu polepole mbele ya mama yake, akamsogezea na maiki.

"Mimi? Wewe unaumwa koo, si akili."

Binti hakuondoa mkono.

"Wataniona mshamba."

Binti aliandika: HAWAONI, MAMA. Mama alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kanga. Kisha akaketi wima kama aliyeitwa mbele ya darasa, akapitisha kidole chini ya mstari wa kwanza.

"Sikio la mwanadamu lina sehemu tatu," alisoma. Alisoma polepole, akipumua kwenye nukta. Kwenye neno moja gumu alijikwaa, binti akainua kidole, mama akarudia. Alipojikwaa tena, binti alimpigia silabi mezani kwa kalamu, to, to, to, naye akalipanda neno hilo kama ngazi mpaka juu. Alipofika mstari wa mwisho, akasahau kwamba mashine bado inasikiliza.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Tumefika."

Binti alizima. Mama akashtuka.

"Hilo la mwisho halimo kitabuni. Litoe, watoto wasije wakaliandika kwenye mtihani."

Binti alitikisa kichwa, akakihifadhi kipande kile kama kilivyo, akakipa jina, akakiweka mahali pake kati ya jicho na pua. Asubuhi wakakipeleka kitabu shuleni pamoja, mama akisalimia kwa niaba ya wawili njia nzima.