Springi ya Upande wa Mkwe

Nyumba za mwisho zilikuwa zimekwisha potea katika vumbi jekundu wakati Marlene alipotoa mkono dirishani na kukigeuza kioo cha pembeni cha kushoto kitazame mbinguni. Alifanya hivyo kila safari. Nyuma ya pikapu, kona ya kushoto, mbali kabisa na usukani, alikaa mama yake na mbwa wake. Usukani alishika Clifton, mume wa Marlene, naye hakuruhusiwa kumtazama mama mkwe wala kusema naye. Watu wa jangwa lile ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyeona taabu.

Mchana ule mama alikuwa akienda kumzika kaka yake. Alitaka amwage udongo wake kabla kaburi halijafungwa, basi.

Barabara ilikuwa mawimbi matupu.

"Marlene!" sauti ikapita dirisha dogo la nyuma. "Mwambie mumeo gari linachechemea. Sikio langu moja liko juu, jingine chini."

"Waambie walioko nyuma barabara ndiyo imelala upande," Clifton akajibu. Mkwe hutajwa kwa wingi, kama umati.

"Barabara gani inayogonga matako? Ngo! Ngo! Chuma kwa chuma!"

"Waambie wapunguze unga na madumu waliyorundika hapo konani."

"Hilo silipeleki," Marlene akasema. "Kaseme mwenyewe."

Mbele kidogo pakalia mlio kama wa bunduki, na gari likakaa chini upande wa kushoto.

Mama akashuka, akaenda kukaa nyuma ya kichaka, mgongo kwa gari, na mbwa wake wakamfuata. Ndipo Clifton akaweza kwenda nyuma. Upande wa kulia, kati ya tairi na bodi, ngumi ilipita. Upande wa kushoto hata kidole hakikupita, na tairi lilikuwa limenyolewa na bati. Mabamba ya springi, ambayo yangepaswa kupinda kama upinde, yalikuwa yamenyooka kama ubao. Lile refu limekatika, na pale lilipokatika pamejaa kutu, isipokuwa ukanda mwembamba unaong'aa. Ufa wa zamani, basi. Miaka yote hiyo kona ileile, unga uleule, madumu yaleyale, na kioo cha upande ule kikihesabu mawingu.

Barabara ile haina duka, lakini ina mizoga ya magari. Clifton na Marlene hawakurudi mbali kwa miguu wakakuta pikapu ya aina yao imelala kifudifudi, magurudumu hakuna, springi zake bado zimepinda vizuri. Clifton akazigonga boliti kwa nyundo mpaka zikalegea, akaibeba springi moja begani mpaka kwenye gari.

"Enyi mbwa," ikasema sauti ya kichakani, "mtu akivaa kiatu kipya mguu mmoja, anafika?"

"Waambie mbwa jua linakwenda," Clifton akamwambia mkewe. Akapiga jeki, akafunga ya kushoto peke yake.

Gari sasa likalala kulia. Kwenye mchanga wa mto mkavu usukani ukavuta, mkia ukateleza hadi ukingoni, na wote wakashika walichoweza kushika. Clifton akasimamisha gari. Kutoka nyuma kikaja kicheko.

"Mbwa hao," Marlene akasema.

Clifton akageuza gari, akarudi kuichukua springi ya pili.

Walipofika mazikoni, kaburi lilikuwa limejaa nusu. Wanaume wakaweka sepetu chini. Mama akashuka, akamwaga udongo wake, akaketi na wanawake, akalia. Jeneza hakuliona.

Springi zile zilidumu kuliko bodi. Pikapu yao nayo sasa imelala kifudifudi barabara ileile, na imekwisha kuvuliwa vipuri. Marlene alijifunza kuendesha, na wakati wa kurudi ndiye aliyeshika usukani. Mama alifariki kwa uzee, na mpaka mwisho alikaa kona ya kushoto wakati wa kwenda, ya kulia wakati wa kurudi. Mbwa walichukuliwa na binamu. Clifton anatengeneza magari ya zahanati, na haliachi hata moja liondoke kabla hajapitisha ngumi juu ya matairi yote mawili ya nyuma.